JEAN-PIERRE WIMILLE, SHOFERE WA KILA NAMNA YA MBIO



Jioni, nyuma ya masomo, mara mingi tunabishana juu ya mashofere wa mbio za motokari. Mmoja anasema Fangio alipita wote. Mwingine anasema hapana, ni Prost. Wa tatu anapiga kelele: Senna! Kila mtu anahesabu vikombe kwa vidole, na anayehesabu vingi anafikiri ameshinda mabishano.

Leo nataka kuwaeleza maisha ya mtu mmoja ambaye hana hata kikombe kimoja cha bingwa wa dunia. Ukitafuta jina lake kwenye liste ya mabingwa, hulioni. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata vita ya pili ya dunia, wengi waliojua mbio walimhesabu kuwa shofere wa kwanza duniani. Jina lake ni Jean-Pierre Wimille, Mfaransa. Msishangae kama hamkulisikia. Mimi pia sikulijua, na nilipolijua nilijiuliza: namna gani mtu mkubwa vile anaweza kusahauliwa? Jibu liko mwisho wa maisha yake, lakini tuanze mwanzo.

Wimille alizaliwa Paris tarehe 26 Februari 1908. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti, mtu aliyependa habari za motokari. Basi mtoto alikulia katika habari hizo. Mwaka wa 1930, akiwa na miaka 22, aliingia mara ya kwanza katika mbio kubwa, Grand Prix ya Ufaransa, mjini Pau, kusini mwa nchi. Alikuwa na motokari ya Bugatti. Je, alishinda? Hapana. Motokari iliharibika mapema na hakumaliza. Ndivyo alivyoanza.

Miezi michache tu nyuma yake, Januari 1931, tunamkuta katika mchezo mwingine kabisa: rali ya Monte Carlo. Rali si sawa na Grand Prix. Katika Grand Prix mashofere wanazunguka njia moja, mara kwa mara, na anayetangulia kumaliza ndiye mshindi. Katika ile rali ya zamani watu waliondoka miji mbalimbali ya Ulaya, katikati ya baridi na theluji, wakasafiri mchana na usiku mpaka Monaco, na huko wakapimwa tena. Mwenye haraka bila akili haendi mbali. Wimille aliendesha Lorraine-Dietrich, motokari kubwa na nzito, akawa wa pili. Aliyemshinda ni Mwingereza Donald Healey. Kijana wa miaka 22, na tayari wa pili katika rali ya kujulikana hivi!

Mwaka wa 1932 akaonyesha namna ya tatu. Kuna mbio za kupanda mlima. Hapo shofere anaondoka peke yake, anapanda njia ya makona mpaka juu, na saa inamhukumu. Hakuna nafasi ya kusahihisha kosa: ukikosea kona moja, yote imepotea. Wimille alishinda ile ya La Turbie, karibu na Nice. Mwaka ule ule alishinda Grand Prix ya Lorraine, tena Grand Prix ya Oran.

Oran ni wapi? Ni hapa kwetu Afrika, katika Algeria. Jambo hili wengi hawalijui: zamani zile mbio kubwa za motokari zilifanyika pia Afrika, na Wimille alikuja mara nyingi. Mwaka wa 1934 alishinda Grand Prix ya Algeria. Mwaka wa 1935 alikuwa wa pili Tunis, nyuma ya Achille Varzi, Mwitaliano aliyeendesha Auto Union ya Wajerumani. Tarehe 1 Januari 1936 alikuwa East London, kule Afrika ya Kusini. Yale yalikuwa mashindano ya kupeana nafasi, maana yake wenye motokari dhaifu wanaondoka mbele, na mwenye nguvu anaondoka mwisho na kuwafukuza. Wimille aliondoka mwisho. Akafukuza, akapita mmoja mmoja, akamaliza wa pili. Mwaka wa 1937 alishinda tena Algeria, mjini Bône, ambao siku hizi unaitwa Annaba. Tusisahau lakini kwamba wakati ule nchi hizo zilikuwa chini ya ukoloni, na walioshindana walikuwa karibu wote Wazungu.

Wakati ule Wimille alikuwa shofere wa nyumba ya Bugatti, kule Molsheim, mashariki ya Ufaransa. Hapa tunapashwa kuelewa shida yake. Tangu mwaka wa 1934 serikali ya Ujerumani ilisaidia Mercedes na Auto Union kwa feza nyingi, na motokari zao zilikuwa na nguvu kupita zote. Bugatti haikuwa na feza kama zile. Katika Grand Prix, shofere wa Bugatti alikuwa kama mtu anayekimbia na gunia mgongoni. Wengine wangekata tamaa. Wimille aliendelea, akatafuta pale anapoweza kushinda. Mwaka wa 1936 Wafaransa waliamua kwamba Grand Prix yao itakuwa ya motokari za barabara, si zile za mbio tu. Ilikuwa safari ya kilometa 1,000 kule Montlhéry, na Wimille akashinda pamoja na Raymond Sommer. Mwezi wa kumi akavuka bahari mpaka Marekani, karibu na New York, katika mbio za Vanderbilt. Akawa wa pili. Aliyetangulia ni Tazio Nuvolari, yule Mwitaliano mdogo wa mwili na mkubwa wa moyo.

Nyuma ya hayo ikaja kazi nyingine: rekodi. Mwisho wa mwaka wa 1936, kule kule Montlhéry, yeye na mashofere wenzake wa Bugatti walizungusha motokari moja kwa masaa 24, kwa zamu. Mwendo wa katikati ulikaribia kilometa 200 kwa saa! Fikirini: mchana kutwa, usiku kucha, bila mpinzani wa kumtazama, wewe na saa tu.

Sasa tufike Le Mans. Kule, kila mwaka, kuna mbio za masaa 24. Zamani zile mashofere wawili walipokezana motokari moja tangu saa kumi ya jioni mpaka saa kumi ya kesho yake. Mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1937 Wimille aliingia pamoja na Robert Benoist. Kumbukeni jina hili, tutalikuta tena. Benoist alikuwa mkubwa wake kwa miaka 13. Aliendesha ndege katika vita ya kwanza ya dunia, na mwaka wa 1927 alishinda Grand Prix kubwa zote nne kwa motokari ya Delage. Mzee na kijana, wakashinda. Walikwenda zaidi ya kilometa 3,280.

Lakini msifikiri kwamba kila kitu kilimwendea vizuri. Mwaka ule ule wa 1937 Wafaransa waliweka zawadi ya faranka milioni moja kwa atakayekwenda kilometa 200 Montlhéry kwa mwendo waliouandika, kwa motokari mpya ya Grand Prix. René Dreyfus alifaulu na Delahaye. Wimille alijaribu kumpita siku za mwisho, motokari ikamkatalia. Milioni ikaenda kwa Delahaye. Basi, akarudi nyumbani mikono mitupu kama mwanafunzi aliyekosa pointi chache.

Mwaka wa 1939 alirudi Le Mans, mara hii pamoja na Pierre Veyron. Hapa ninaona akili yake kuliko mahali pengine. Delage ya Louis Gérard na Georges Monneret ilikuwa mbele kwa masaa mengi. Wimille na Veyron hawakuichoma motokari yao kwa kuifukuza ovyo. Waliendelea kwa mwendo wao, wakikaa karibu. Masaa ya mwisho motere ya Delage ikaanza kuugua, na Bugatti ikapita. Walikwenda zaidi ya kilometa 3,350, wakashinda. Ushindi wa uvumilivu.

Lakini furaha ilikuwa fupi. Tarehe 11 Agosti 1939, Jean Bugatti, mtoto wa mwenye nyumba, alikuwa anajaribu motokari ile ile iliyoshinda Le Mans. Mtu wa kinga akatokea barabarani usiku. Jean akageuza asimgonge, akapiga mti, akafa. Alikuwa na miaka 30. Nyuma ya majuma matatu vita ya pili ya dunia ikaanza, na mbio zikakwisha.

Mwaka wa 1940 Wajerumani waliingia Paris. Wimille alikuwa na miaka 32, wakati ambapo shofere ana nguvu na maarifa pamoja. Miaka yake bora ikaliwa na vita. Angeweza kukaa kimya akingojea. Hakukaa kimya. Rafiki yake Benoist na mwenzao mwingine, William Grover-Williams, Mwingereza aliyezaliwa Ufaransa, yule aliyeshinda Grand Prix ya kwanza ya Monaco mwaka wa 1929, walikuwa wameingia kazi ya siri ya Waingereza. Waliwapinga Wajerumani kwa kupokea silaha zinazoshushwa na ndege usiku, kuzificha, na kuwasaidia watu wa upinzani. Wimille akaingia pamoja nao, na mke wake Christiane pia. Mashofere watatu wa Bugatti, waliozoea kupigiwa makofi na maelfu ya watu, sasa wanafanya kazi ambayo ukijulikana tu, unakufa.

Agosti 1943 Grover-Williams alikamatwa. Benoist naye alikamatwa, lakini akajitupa nje ya motokari ya polisi wa Kijerumani na kukimbia. Alifika Uingereza, na badala ya kupumzika kule, akarudi Ufaransa kuendelea. Juni 1944 wakamkamata tena, na mara hii hakutoka. Kisha Wajerumani wakaja kwenye nyumba ya Sermaise, nje ya Paris, ambako wenzake walikuwa. Wimille alikimbia, akajificha ndani ya maji ya kijito mpaka askari walipoondoka. Mke wake alikamatwa, lakini naye baadaye aliweza kuwatoroka.

Benoist aliuawa katika kambi ya Buchenwald, Septemba 1944. Grover-Williams aliuawa katika kambi ya Sachsenhausen. Kati ya wale watatu, Wimille peke yake alibaki.

Tarehe 9 Septemba 1945, vita ilipokwisha tu, Paris ilifanya mashindano ya kwanza, katika pori la Boulogne pembeni ya mji. Kulikuwa na mbio tatu siku ile. Ya kwanza iliitwa Kikombe cha Robert Benoist. Ile kubwa iliitwa Kikombe cha Wafungwa. Wimille akaondoka na Bugatti ya zamani, ya mbele ya vita, akashinda Kikombe cha Wafungwa. Mimi ninapofikiri siku ile, ninajiuliza aliwaza nini aliposikia jina la rafiki yake likitajwa mbele ya watu wote.

Sasa ndipo nguvu yake yote ilipoonekana. Nyumba ya Alfa Romeo ya Italia ilikuwa na motokari ndogo nyekundu, namba yake 158. Motere yake ilikuwa ya litre moja na nusu tu, lakini ya silinda nane na yenye pampu ya kuisukumia hewa, na hakuna iliyoiweza. Waitaliano wenyewe walikuwa na mashofere wengi wakubwa: Varzi, Farina, Trossi. Hata hivyo walimwita Mfaransa. Mwaka wa 1947 alishinda Grand Prix ya Uswisi na Grand Prix ya Ubelgiji. Mwaka wa 1948 alishinda ya Ufaransa, kule Reims. Akashinda ya Italia, Torino, chini ya mvua, mbele ya Waitaliano wenyewe. Akashinda tena Monza mwezi wa kumi. Waliomwona walisema alikuwa anaendesha kwa utulivu, bila kupigana na usukani, kama mtu anayekwenda matembezi, na kumbe saa inaonyesha yeye ndiye mwenye mbio kuliko wote.

Alfa Romeo isipokwenda mashindano, hakukaa bure. Aliendesha pia zile Simca-Gordini ndogo, zenye nguvu kidogo. Bingwa mwingine angeona haya kushuka kutoka motokari kubwa mpaka ile ndogo. Yeye hapana. Tena alikuwa na ndoto nyingine: kutengeneza motokari yake mwenyewe ya barabara. Aliifikiri wakati wa vita, na tangu 1946 chache zilitengenezwa. Motere ilikuwa nyuma ya viti, na watu watatu walikaa mstari mmoja, shofere katikati. Wakati ule watu waliiona ya ajabu. Mwaka wa 1992 Waingereza wa McLaren walionyesha motokari yao ya F1 yenye shofere katikati, na dunia ikashangaa. Wimille aliisha kufanya hivyo miaka zaidi ya 40 mbele yao.

Mwanzo wa mwaka wa 1948 alikwenda Argentina na Gordini. Kule alimwona shofere mmoja wa nchi ile ambaye Ulaya haikumjua bado. Aliitwa Juan Manuel Fangio. Wimille aliona mara moja kwamba mtu huyu, akipewa motokari nzuri, atafanya maajabu, na hakuficha mawazo yake. Mara ngapi sisi tunamwona mwenzetu mwenye akili na tunanyamaza, juu ya kuogopa atatupita?

Januari 1949 alirudi Argentina. Tarehe 28, asubuhi, alikuwa anafanya mazoezi katika bustani ya Palermo, mjini Buenos Aires, na Simca-Gordini ile ndogo. Si mashindano, ni mazoezi tu. Motokari ikamponyoka, ikapiga mti. Jean-Pierre Wimille akafa, karibu kutimiza miaka 41. Aliacha mke, yule Christiane aliyepita naye hatari za vita, na mtoto mwanaume mdogo, François, aliyezaliwa 1946. Alizikwa Paris, katika makaburi ya Passy.

Sasa lile jibu niliowaahidi. Mashindano ya bingwa wa dunia yalianza mwaka wa 1950, mwaka mmoja tu nyuma ya kifo chake. Na motokari gani ilishinda mwaka ule? Alfa Romeo 158, ile ile yake! Farina akawa bingwa wa kwanza wa dunia. Mwaka wa 1951 akawa Fangio, yule aliyesifiwa na Wimille, na akafika mara tano. Wimille hakuandikwa popote, kwa sababu wakati wake kitabu cha kuandikia hakikufunguliwa bado.

Wengine katika bweni, nilipowaeleza habari hizi, waliniuliza kama haikuwa ujinga. Mtu ameokoka na Wajerumani, marafiki wake wamekufa, ana mke na mtoto, na bado anarudi kucheza na kifo katika motokari. Ni swali la kweli, na siwezi kulifukuza. Mwaka wa 1948 Varzi mwenzake alikufa katika mazoezi kule Uswisi, na Wimille aliendelea. Mimi singependa baba yangu awe na kazi ile. Lakini ninaona pia kwamba ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa akili, si kwa wazimu. Kila mmoja ahukumu mwenyewe.

Jambo moja ninalishika. Rali, mlima, Grand Prix, Le Mans, rekodi, motokari kubwa na motokari ndogo: yote alijifunza, na yote aliifanya vizuri. Wakati nchi yake ilipohitaji kazi nyingine isiyo na makofi, aliifanya vilevile. Hakuna liste moja inayoweza kuweka vitu hivi vyote pamoja. Sisi wa darasa la sita, tunaongojea matokeo ya mtihani wa Serikali, tunazoea kufikiri kwamba mtu ni ile namba iliyo mbele ya jina lake. Ni kweli namba ina kazi yake, tujifunze kwa bidii. Lakini wale waliokimbia pamoja na Wimille hawakungoja liste ili wamjue.

Basi jioni hii, mkianza tena mabishano yenu ya Fangio na Senna, niacheni nami niweke jina langu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita